Kambi Mbili za Mzee Maruge: Uzee, Mabadiliko na Lugha katika Filamu ya The First Grader

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usawiri wa uzee na mabadiliko katika The First Grader (2010), filamu ya drama iliyoongozwa na Justin Chadwick. Msingi wake ni maisha ya Kimani Ng'ang'a Maruge, Mkenya aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Filamu hii imezoeleka kusifiwa kama hadithi ya mzee aliyeushinda umri wake. Makala yanadai kwamba habari ya Maruge ina kambi mbili: kambi ya kizuizini ya enzi ya ukoloni, ambayo filamu inairejelea mara kwa mara, na kambi ya waliohamishwa makwao mwaka 2008, ambayo msuko wa filamu hauifikii. Kuachwa kwa kambi ya pili, pamoja na kuwekwa kando kwa Kiswahili katika darasa la mzee huyo, kunayafanya mabadiliko yaonekane kuwa suala la nia ya mtu mmoja. Uhakiki umefanywa kwa kuizingatia hadhira ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ambako wazee wakimbizi wanaishi hali ile ile ambayo filamu imeiacha. Mwishoni yanapendekezwa maswali ya kuhakiki filamu zinazohusu wazee, pamoja na mambo ya kuzingatiwa na watakaotunga filamu fupi za Kiswahili kambini humo.

Maneno muhimu: uzee, mabadiliko, filamu, kambi, Kiswahili, Dzaleka

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huifahamu tangu shule ya msingi, imebeba hukumu ndani yake: aliyekwisha kukauka hakunjiki tena, na anayemlazimisha atamvunja. Januari 2004 mzee mmoja wa Kenya aliipinga hukumu hiyo kwa vitendo. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kenya kuanza kutoa elimu ya msingi bila malipo. Jina lake liliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza elimu ya msingi, na Septemba 2005 alisafiri hadi New York kuitetea elimu hiyo katika Umoja wa Mataifa.

Filamu iliyotokana na maisha hayo ilianza kuonyeshwa mwaka 2010, kiasi cha mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwandishi wa skripti ni Ann Peacock. Maruge anaigizwa na Oliver Litondo, mwigizaji wa Kenya aliyewahi kuwa mwanahabari, na Mwalimu Jane Obinchu anaigizwa na Naomie Harris wa Uingereza. BBC Films na UK Film Council ni miongoni mwa waliogharimia utayarishaji. Kwa urefu wake wa zaidi ya dakika 100 si filamu fupi, lakini ni miongoni mwa filamu chache za drama kutoka eneo letu zilizofika mbali ambazo mhusika wake mkuu ni mzee. Kwa hiyo yeyote anayekusudia kutunga au kuhakiki kazi inayomhusu mzee, hata iwe ya dakika 10, analazimika kuanza na filamu hii.

Makala haya yameandikwa kutokea Mponela, mji wa biashara ulio kando ya barabara kuu ya M1 iendayo kaskazini kutoka Lilongwe. Katika wilaya hiyo hiyo ya Dowa ndiko iliko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambamo Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya ibada na ya ujirani miongoni mwa watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mahali anapoketi mtazamaji huathiri kile anachokiona. Aliyeketi katika ukumbi wa sinema wa London ataona mzee anayeingia shuleni. Aliyeketi Dzaleka atauliza: baada ya shule, mzee huyu alikwenda wapi? Swali hilo ndilo linaloyaongoza makala haya.

2.0 Mkabala wa Nadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Uhistoria Mpya, mkabala unaohusishwa zaidi na Stephen Greenblatt tangu miaka ya 1980. Mihimili yake miwili ndiyo inayotufaa hapa. Kwanza, kazi ya sanaa husomwa sambamba na matini nyingine za wakati wake, kama vile taarifa za habari, sheria na kumbukumbu, bila kuichukulia historia kuwa pazia la nyuma tu. Pili, mhakiki hupaswa kukisikiliza kilichonyamaziwa kama anavyokisikiliza kilichosemwa, kwa sababu kunyamaza nako kuna msimamo.

Ni muhimu kuweka mpaka mapema. Makala hayamlaumu mtunzi kwa kutosimulia kila kitu. Hakuna filamu inayobeba maisha mazima ya mtu. Kinachochunguzwa ni maana inayozaliwa na uteuzi: kipi kimechukuliwa, kipi kimeachwa, na mpangilio huo unamfundisha mtazamaji nini kuhusu mzee na mabadiliko.

3.0 Mzee Langoni: Mafanikio ya Filamu

Kabla ya kuonyesha pengo, haki inatutaka tuyataje mafanikio. La kwanza ni matumizi ya lango la shule kama ishara kuu. Maruge anafika langoni na mkongojo wake, anakataliwa, anarudi, anaambiwa atafute mahitaji, anarudi tena. Anapotakiwa kuvaa sare, anajitokeza akiwa na kaptura, sweta na soksi ndefu kama watoto wenzake. Hadhira hucheka, na kicheko hicho hakimdhalilishi mzee. Kinachochekesha ni kanuni, maana imetekelezwa kikamilifu na mtu ambaye kanuni haikumtarajia. Serikali ilitangaza elimu kwa wote. Mzee alilichukua neno "wote" kama lilivyo.

La pili ni uigizaji wa Litondo. Anauigiza uzee kwa mwendo na kwa ukimya. Namna anavyoketi kwenye dawati la mtoto, anavyouegemea mkongojo kabla ya kujibu, anavyoikaza shingo ili kusikia, yote hayo humwonyesha mtu ambaye mwili wake umebeba habari nyingi kuliko maneno yake. Uzee hapa haukufanywa kinyago cha kuchekesha wala sanamu ya busara isiyokosea. Maruge ni mkaidi, ana hasira, na wakati mwingine anakosea. Katika fasihi yetu simulizi na andishi, ambako mzee mara nyingi huwa ama mhenga ama mchawi, usawiri wa namna hii ni hatua ya kuthaminiwa.

La tatu ni matumizi ya penseli. Kifaa hiki ambacho kwa mtoto ni mlango wa elimu, kwa Maruge ni kumbukumbu ya mateso, kwa kuwa penseli iliyochongwa ilitumiwa kulitesa sikio lake kizuizini. Mwalimu anapomtaka achonge penseli, anamtaka bila kujua akishike tena chombo cha mtesaji wake. Tukio hili ni kiini cha filamu. Linaonyesha kwamba kujifunza uzeeni si kuanza na ubao mtupu: mzee hujifunza juu ya maandishi yaliyokwisha kuandikwa mwilini mwake. Methali ya samaki inajibiwa hapa kwa kina kuliko inavyojibiwa langoni. Huyu ni samaki aliyekwisha kukunjwa kwa nguvu na wengine, na sasa anataka kujikunja mwenyewe.

4.0 Kambi Iliyoonyeshwa na Kambi Iliyoachwa

Filamu inaitumia mbinu rejeshi kumrudisha mtazamaji katika miaka ya 1950, enzi ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Tunaona mauaji ya mke na watoto wa Maruge, tunaona kizuizi na mateso. Mateso hayo hayakutungwa ili kuipamba hadithi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati huo. Maruge hakuliona jambo hilo kwa kuwa alifariki tarehe 14 Agosti 2009.

Hiyo ni kambi ya kwanza. Kambi ya pili haimo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilikumbwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,000 na kuwahamisha mamia ya maelfu kutoka makwao. Eldoret na maeneo ya jirani yaliathirika vibaya sana. Maruge alipoteza mali yake, akaishi kambini miongoni mwa waliohamishwa, na bado akawa anatembea mwendo wa kilomita nne hivi kwenda shuleni. Katikati ya mwaka 2008 alihamia Nairobi, akaishi katika makao ya wazee na kuendelea na masomo katika shule moja ya Kariobangi hadi maradhi yalipomzidi.

Tuzilinganishe safari mbili. Mwaka 2004 mzee alitembea kutoka nyumbani kwake hadi langoni, akitaka kuingia. Mwaka 2008 mzee yule yule, na mkongojo ule ule, alitembea kutoka kambini hadi darasani. Ni safari ipi iliyodai ujasiri mkubwa zaidi? Msuko wa filamu unafungwa katika kipindi cha kwanza: mwalimu aliyehamishwa anarudishwa, watoto wanashangilia, na mzee anabaki mwanafunzi. Mtazamaji anatoka na furaha ya haki iliyotendeka.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuielezea tofauti hii. La kwanza ni umbali wa mkosaji. Aliyeisimamia kambi ya miaka ya 1950 alikuwa mkoloni aliyevaa sare, akazungumza lugha ya kigeni, na hatimaye akaondoka. Kumhukumu si vigumu, hata kwa filamu iliyogharimiwa nchini Uingereza. Kambi ya mwaka 2008 haina mkosaji wa kuondoka. Waliochoma na waliochomewa walikuwa majirani, na baadhi yao wangali majirani hadi leo. Kuionyesha kambi hiyo kungeitaka hadhira ya Kenya ijitazame yenyewe.

La pili ni umbo la ushindi. Filamu imesukwa ili nia ya mzee ishinde. Kambi ya pili inalivuruga umbo hilo, kwa kuwa inaonyesha mtu aliyeshinda, akasifiwa duniani, kisha akapoteza paa lake bila kosa lolote. Nia haikumsaidia kulizuia hilo. Mabadiliko yaliyompata mwaka 2004 aliyachagua yeye, na yale ya mwaka 2008 alichaguliwa nayo. Filamu imeyapokea yaliyochaguliwa na kuyaacha yaliyoletwa kwa nguvu.

Huenda mtu akasema kwamba filamu ina haki ya kukoma inapotaka. Ni kweli. Lakini The First Grader yenyewe ndiyo iliyoufungua mlango huo. Inaonyesha wazazi wenye chuki, simu za vitisho kwa mwalimu, na minong'ono ya ukabila kuhusu nani anayependelewa na serikali. Imekiinjika chungu jikoni, kisha ikakiepua kabla hakijachemka. Zaidi ya hayo, sinema ya dunia inayo mifano ya namna ya kuusimulia ushindi wa mzee bila kuuficha udhaifu wake. Katika Ikiru (1952) ya Akira Kurosawa, mtumishi mzee wa serikali anayeugua saratani anafanikiwa kujenga uwanja wa watoto, lakini filamu haikomi hapo. Inaendelea msibani kwake, ambako wafanyakazi wenzake wanaapa kuufuata mfano wake, kisha tunawaona wamerudi katika uzembe wao wa zamani. Ushindi wa mzee unabaki kuwa ushindi, na jamii inabaki na deni. Deni la namna hiyo ndilo ambalo hadhira ya The First Grader haikuachiwa.

5.0 Barua, Herufi na Lugha

Katika filamu, kinachomsukuma Maruge kwenda shuleni ni barua aliyopokea kutoka serikalini. Hataki kusomewa, anataka kuisoma mwenyewe. Habari za wakati ule zilimnukuu Maruge wa historia akitoa sababu nyingine pia, hususan hamu ya kuisoma Biblia mwenyewe ili asitegemee maelezo ya mhubiri. Sababu zote zina shina moja: mtu aliyechoka kusomewa maisha yake na wengine.

Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu ni ya Kiingereza. Maruge, mkulima mzee asiyewahi kukanyaga darasa, anazungumza na mwalimu wake kwa Kiingereza fasaha, na maneno ya Kiswahili na Kikuyu yananyunyizwa kama chumvi. Tunafahamu sababu za kibiashara, kwa kuwa filamu ililenga soko la nje. Hata hivyo uteuzi huo unaharibu mantiki ya hadithi yenyewe. Mzee asiyejua kusoma anayepokea barua ya Kiingereza ana kuta mbili mbele yake: ukuta wa herufi na ukuta wa lugha. Filamu imeubomoa ukuta wa pili kabla ya hadithi kuanza, ikabaki na wa kwanza peke yake. Matokeo yake, kujua kusoma kunaonekana kuwa suala la kuzitambua herufi tu.

Kilichofutika hapo ni Kiswahili. Kwa sera ya elimu ya Kenya, madarasa ya awali ya shule ya msingi hufundishwa kwa lugha ya eneo husika, na penye mchanganyiko wa jamii Kiswahili huchukua nafasi hiyo. Eldoret ni mji wa mchanganyiko. Mzee Mkikuyu aliyeketi darasani na watoto wa jamii mbalimbali katika mji huo alihitaji lugha ya kuwaunganisha, na lugha hiyo isingekuwa Kiingereza. Filamu ingeweza kutuonyesha tukio la thamani sana kwetu: mzee na mtoto wa miaka sita wakikutana katika lugha ambayo si ya mama kwa yeyote kati yao.

Athari ya pili ni kwamba Maruge anafanywa kuwa ajabu ya peke yake. Filamu inalisawiri darasa la watu wazima, ambako anapelekwa kwa muda, kama mahali pa watu wasio na ari ya kujifunza. Usawiri huo unalisahau jambo kubwa katika historia ya Afrika Mashariki. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo cha ngumbaru kikaendeshwa nchi nzima kwa Kiswahili: chini ya miembe, makanisani, misikitini na viwandani. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi takriban asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Hata mtu akizipunguza takwimu hizo kwa tahadhari, ukweli unabaki kwamba idadi kubwa ya wazee walishika penseli kwa mara ya kwanza bila kuandikwa katika kitabu chochote cha rekodi. Walifanya hivyo kwa sababu darasa liliwafuata walipo, katika lugha waliyoielewa. Maruge alilazimika kuwa shujaa kwa kuwa darasa halikumfuata. Hilo filamu ingelisema, lingekuwa swali kwa serikali. Kwa kulinyamazia, limebaki kuwa sifa kwa mzee.

6.0 Wazee Wawili Wengine

Ili kuona kwamba njia nyingine zipo, tuzitazame kwa ufupi filamu mbili za miaka ya karibuni. Ya kwanza ni This Is Not a Burial, It's a Resurrection (2019) ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho. Mantoa, mjane wa miaka 80 aliyeigizwa na Mary Twala, amempoteza mwanawe wa mwisho aliyekuwa akifanya kazi mgodini Afrika Kusini, na sasa anaambiwa kwamba kijiji chake kitafunikwa na maji ya bwawa, makaburi yakiwemo. Mantoa haombi kuingia popote. Anakataa kuondoka. Mosese hamsawiri kama mtu asiyejua maendeleo. Bibi huyu anajua kitu ambacho wahandisi hawakijui: nani amelala wapi, na kwa nini ardhi ile si tupu. Kumbukumbu yake ni maarifa. Katika The First Grader kumbukumbu huja zaidi kama jeraha.

Ya pili ni The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King, filamu ya hali halisi kutoka pwani ya Kenya. Kijana anayeishi Mombasa anarudi kijijini baada ya kusikia kwamba bibi yake, mwenye zaidi ya miaka 90, anatuhumiwa uchawi na baadhi ya jamaa. Taratibu inadhihirika kwamba nyuma ya tuhuma hizo kuna suala la ardhi. Bibi hatakiwi kubadilika hata kidogo. Wanaotakiwa kubadilika ni wanawe na wajukuu zake, na filamu inawakalisha wote chini ili wasikilizane.

Tukiziweka tatu hizo pamoja, tunapata swali linaloweza kuwa kigezo cha uhakiki: filamu inamdai nani abadilike? The First Grader inamdai kwanza mzee, kisha wachache wanaomzuia. Filamu ya Mosese inaidai serikali, na The Letter inaudai ukoo. Kadiri dai linavyohama kutoka kwa mzee kwenda kwa walio karibu naye, ndivyo uzee unavyoacha kuwa tatizo la kutatuliwa na kuwa mahali pa kuitazamia jamii.

7.0 Kutazama kutoka Dzaleka

Turudi Dowa. Dzaleka ilifunguliwa kama kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lake la Kichewa hufasiriwa kuwa tamko la mfungwa: nitaacha, sitarudia. Kambi iliyokusudiwa watu wasiozidi 14,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Sheria na sera za Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje warejee huko.

Mahali hapa, basi, pana kambi mbili kama alivyokuwa nazo Maruge. Mzee Mmalawi wa vijiji vya jirani analikumbuka jina la Dzaleka kwa hofu ya gereza. Mzee aliyetoka Kivu au Bujumbura analijua jina hilo hilo kama anwani yake. Wote wawili wangeielewa penseli ya Maruge. Huyu wa pili angeielewa pia ile safari ya kilomita nne ambayo filamu haikuionyesha.

Barua nayo ipo Dzaleka. Karatasi zenye uzito katika maisha ya mzee mkimbizi ni za usajili, za mgao na za maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na mara nyingi lugha yake ni Kiingereza. Mzee aliyekuwa akiamua kesi za ukoo leo anamtegemea mjukuu wa miaka 12 amsomee ni siku gani anatakiwa kufika ofisini. Mjukuu anajifunza Kiingereza shuleni, Kichewa sokoni na Kiswahili nyumbani. Mzee ana Kiswahili, na kwa baadhi ya waliotoka Burundi na Rwanda hicho nacho wamekikomaza ukubwani, kambini. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo inachukulia kwamba neno limesemwa katika lugha ambayo mzee anaisikia. Likisemwa katika lugha nyingine huharibika mbele ya macho yake, naye ameketi pale pale.

Kwa hiyo mabadiliko ya uzeeni Dzaleka hayana lango la kubisha. Mzee yumo ndani tayari, na kutoka hakuko mikononi mwake. Filamu inayoiga umbo la The First Grader, yaani kikwazo, ukaidi kisha shangwe, ingelazimika kusema uongo ili ifike mwisho. Hapa ndipo filamu fupi inapokuwa na faida ambayo filamu ndefu haina. Dakika 10 au 15 hazitoshi kumpandisha mtu hadi kwenye ushindi, lakini zinatosha kumfuata mzee mmoja kutoka mlangoni kwake hadi kwenye foleni, akiwa na karatasi mkononi na mjukuu ubavuni. Zinatosha kumwonyesha mjukuu akisita kabla ya kusoma, akipima aseme nini na anyamaze nini. Katika kusita huko mtoto anakuwa mzee na mzee anakuwa mtoto, na hakuna haja ya mbinu rejeshi kulieleza jambo hilo.

Mazingira ya kutungia kazi kama hizo hayakosekani. Tamasha la Tumaini limekuwa likifanyika Dzaleka tangu mwaka 2014, likiwakutanisha wakimbizi na wenyeji kwa muziki, maigizo na ushairi. Kambini kuna redio ya jamii, Yetu. Aidha, Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kazi ya Kiswahili iliyotungwa Dzaleka ina haki ya kuonyeshwa Lilongwe kama kazi ya nyumbani.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba The First Grader ni filamu yenye heshima kwa mzee, na kwamba uigizaji wa Litondo, ishara ya lango na tukio la penseli vinastahili sifa vilivyopewa. Yameonyesha pia kwamba heshima hiyo ina mpaka. Kwa kuionyesha kambi ya mkoloni na kuiacha kambi ya majirani, na kwa kumpa mzee Kiingereza ambacho hadithi yenyewe inahitaji asiwe nacho, filamu imeyageuza mabadiliko ya uzeeni kuwa mtihani wa nia. Jamii na dola vimefaulu mtihani huo bila kuufanya.

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, wahakiki wa Kiswahili wanapochambua filamu zinazohusu wazee waulize maswali matatu: mabadiliko yamechaguliwa na nani, nani anadaiwa abadilike, na kumbukumbu ya mzee imetumiwa kama jeraha au kama maarifa. Pili, The First Grader inapofundishwa, isomwe pamoja na habari za maisha ya Maruge za mwaka 2008 na 2009, ili mwanafunzi akione pia kilichoachwa. Tatu, watakaotunga filamu fupi Dzaleka wamwache mzee azungumze Kiswahili chake, kiwe cha Kivu au cha Bujumbura, bila kukisawazisha, na maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha yawe ya Kichewa kabla ya kuwa ya Kiingereza. Mtazamaji wa kwanza wa kazi hiyo awe jirani wa Dowa, ambaye bado anakumbuka pale palikuwa nini kabla ya mwaka 1994.

Maruge alitaka kuisoma barua yake mwenyewe. Dzaleka wapo wazee wanaosubiri kusomewa za kwao, na wanaozisoma ni watoto. Sinema yetu bado haijawapiga picha wawili hao wakiwa pamoja.